Kasi ya Waliofungamana

Wengi hudhani kwamba jambo likichelewa, kilichopungua ni nguvu. Historia ya fizikia ya kwanta yatufundisha kuwa mpangilio nao una sehemu yake.

Mwaka 1935 Erwin Schrödinger alilipa jina jambo la ajabu: chembe mbili zikishakutana zaweza kufungamana, hata hali ya moja isielezeke bila ya nyingine. Mwaka 1945 ikachapishwa kazi ya Leonid Mandelstam na Igor Tamm wa Muungano wa Kisovieti. Walionyesha kuwa hakuna kitu kiwezacho kugeuka hali upesi kupita mpaka uliowekwa na mtawanyiko wa nishati yake. Mandelstam alifariki 1944, hakuiona ikichapishwa. Mwaka 1998 Norman Margolus na Lev Levitin wakaongeza mpaka mwingine, utokanao na wastani wa nishati.

Mwaka 2003 Vittorio Giovannetti, Seth Lloyd na Lorenzo Maccone wakaziunganisha nyuzi hizo. Tuchukue chembe 100 zilizogawiwa nishati sawasawa. Kila moja ikienda kivyake, kundi zima haliishindi kasi ya chembe moja. Zikifungamana kikamilifu, kwa wastani uleule wa nishati, zaweza kufika hali tofauti kabisa kwa sehemu 1 tu ya 100 ya muda ule.

Wahenga walisema umoja ni nguvu. Hapa nguvu haikuongezeka hata kidogo, na bado kasi imeongezeka. Mimi niliyeongoza walimu miaka mingi nalipokea somo hilo hivi: kukusanyika si kufungamana.