Vista Iliuawa na Maneno, Njaa Ikaizika

Siku hizi nina swali moja nauliza kila rafiki yangu mwenye laptopu ya zamani: mbona hujahamia Windows 11? Napata majibu mawili tu. Wa kwanza ananiambia mashine yake inakataliwa na pesa ya nyingine hana. Huyo namwelewa kabisa. Wa pili ananiambia, "Zii, hiyo nimeskia ni mbaya." Ukimuuliza ameskia wapi, anacheka. Ni huyu wa pili aliyenifanya nianze kuchimba nyuma, nikajikuta mwaka wa 2007, kwa hadithi ya Windows Vista.

Wengi wenu Vista hamkuwahi kuiona. Hata mimi sikuiona. Nilijifunzia kompyuta kwa saiba ya mtaani, mashine zote zikiwa na XP, ile ya kilima cha kijani na mawingu meupe. Lakini kabla hata nijue Vista ni nini, nilishajua ni takataka. Mwenye saiba alikuwa akisema hivyo, na kusema ukweli sidhani aliwahi kuiwasha hata siku moja.

Wacha tuwe wakweli: mwanzoni Vista ilistahili matusi. XP ilitoka Oktoba 2001. Mrithi wake alicheleweshwa, kazi ikavurugika, na mwaka wa 2004 Microsoft wakalazimika kuanza upya sehemu kubwa. Ilipofika madukani Januari 30, 2007, watu walikuwa wameishi na XP zaidi ya miaka mitano na wameizoea kama kiatu cha zamani. XP ilitosheka na RAM ya megabaiti 128. Vista ilitaka 512 ndio iamke tu, na gigabaiti nzima ndio ikuonyeshe ule urembo wake wa vioo. Printa ya juzi inakataa kufanya kazi kwa sababu kampuni iliyoitengeneza haijatoa draiva mpya. Ukigusa kitu kidogo, kidirisha kinakuja kukuuliza kama una uhakika. Ukikubali, kingine.

Halafu kuna kisa cha kibandiko, ambacho kwangu ndicho kibaya kuliko vyote. Mwaka wa 2006, kabla Vista itoke, kompyuta ziliuzwa zikiwa na kibandiko cha "Windows Vista Capable", yaani hii itaiweza. Nyingi ziliweza ile ya chini kabisa, isiyo na urembo uliokuwa ukitangazwa. Wanunuzi wakaenda kortini Seattle, na kesi ikafanya barua pepe za ndani za Microsoft zianikwe hadharani. Mmoja wa wakubwa wao, Mike Nash, alikuwa amelalamika kwamba laptopu aliyoinunua kwa dola 2,100 sasa ilimfaa kusoma barua pepe tu. Mkubwa wa kampuni yenyewe! Huku nje, Apple nao walikuwa na matangazo ya jamaa wawili, mmoja Mac ametulia, mwingine PC amevaa suti na kila siku ana shida mpya. Vista ikageuka kichekesho.

Sasa sikia sehemu ambayo watu hurukia. Mapema 2008 Microsoft walitoa marekebisho makubwa ya kwanza, Service Pack 1. Draiva nyingi zilikuwa zimeshapatikana, na kompyuta mpya zilikuwa na RAM ya kutosha. Vista ya katikati ya 2008 haikuwa Vista ya Januari 2007. Wazee husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hapa ilikuwa kinyume: jambo lilikuwepo, likaanza kuondoka, na watu wakaendelea kulisema.

Microsoft wenyewe walilijua hilo. Julai 2008 waliwakusanya watu wasioipenda Vista, wakawaonyesha mfumo mpya unaoitwa "Mojave". Watu wakausifu. Kisha wakaambiwa: hii ndiyo Vista. Ujanja mzuri, ila kwangu haukuthibitisha yote waliyotaka. Hao watu walionyeshwa laptopu iliyoandaliwa tayari. Hakuna aliyetoka nyumbani na printa yake ya 2003 kujaribu bahati.

Septemba 15, 2008, benki ya Lehman Brothers ikatangaza kufilisika, na uchumi wa Marekani uliokuwa ukiyumba ukaanguka kabisa. Kampuni zilifunga mkoba. Ukiwa mkuu wa kompyuta ofisini, ungeendaje kwa bosi wakati watu wanafutwa kazi umwombe pesa ya mashine mpya ili uweke mfumo ambao mtoto wake wa shule anaucheka? Hata Intel, mshirika wa miaka yote wa Microsoft, mwaka huohuo iliamua kutowawekea wafanyakazi wake Vista, na hiyo ilikuwa kabla ya Septemba.

Mtu wa kawaida naye alitafuta cha bei nafuu. Asus walikuwa wameleta Eee PC mwishoni mwa 2007, kajilaptopu ka skrini ya inchi 7, RAM megabaiti 512, kakitumia Linux. Vista isingeingia hapo hata kwa kusukumwa. Microsoft, waliokuwa wamepanga kuacha kuuza XP Juni 2008, wakalazimika kuiacha iendelee kuuzwa kwa vijimashine hivyo, la sivyo Linux ingechukua soko lote. Hebu fikiria: umetoa bidhaa mpya, halafu ile ya zamani ndiyo inakuokoa. Januari 2009 walitangaza kwamba mapato ya upande wa Windows yameshuka kwa asilimia 8, na kwamba hadi watu 5,000 watapoteza kazi. Kampuni haikuwa imewahi kupunguza watu wengi kiasi hicho.

Kwa hivyo ni uchumi ulioiua Vista? Hapo ndipo nakataa. Windows 7 ilitoka Oktoba 22, 2009, mwezi uleule ukosefu wa kazi Marekani ulipofika asilimia 10. Hali ilikuwa mbaya kuliko siku Vista inazinduliwa. Na bado Windows 7 iliuza leseni milioni 240 kwa mwaka wake wa kwanza. Ndani yake ilikuwa nini? Vista iliyopunguzwa uzito na kunyooshwa. Namba yake ya ndani ni 6.1, ya Vista ni 6.0.

Nionavyo mimi, kazi ya njaa ilikuwa nyingine. Pesa ikiwepo, mtu hujaribu. Anabadilisha mashine, anakutana na mfumo mpya kwa mkono wake, anajionea. XP nayo ilizaliwa Marekani ikiwa kwenye mdororo, na 2003 kirusi cha Blaster kiliivua nguo. Lakini marekebisho ya 2004 yalikuja watu wakiwa wananunua kompyuta tena, wakaiona ikiwa imepona, wakasahau. Vista ilipona wakati hakuna anayenunua. Bila pesa ya kujaribu, ulichobaki nacho ni ulichoskia, na ulichoskia ni cha Januari 2007. Jina lake liligandishwa hapo. Windows 7 ilikuja na jina lisilo na deni, ikatolewa bure ya majaribio mapema 2009 mpaka seva zikalemewa, na ikakuta maofisi yamejaa mashine zilizochoka za XP ambazo zingebadilishwa tu, leo ama kesho.

Sasa nirudi kwa wale marafiki zangu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama, TPM 2.0, na prosesa ambayo laptopu nyingi za mitumba hazina. Yangu pia haina. Kwa hivyo niko tu na 10 yangu, na juzi mtu akiniuliza mbona, nilijiskia nikimjibu ati 11 ni nzito na ina matangazo mengi. Sijawahi kuitumia hata dakika tano.