Kumhamisha mgonjwa kitandani bila kumbeba

MAFURIKO ya Mto Tana yanapofunga njia ya Ozi, karibu na Kipini, mgonjwa asiyejiweza hutolewa kitandani, hupakiwa chomboni, kisha hulazwa kwenye kitanda kingine hospitalini. Wengi humshika makwapani wakamwinua. Bega lake laweza kuteguka, na mgongo wa mbebaji ukaumia.

Nguvu si hoja. Vitanda husogezwa vikagusana, kile anachohamishiwa kikiwa chini kidogo, na chenye magurudumu hufungwa breki. Mgonjwa hulazwa ubavu, shuka iliyokunjwa mara mbili ikatandazwa chini yake, mabegani hadi mapajani. Wasaidizi huviringisha kingo zake, hukunja magoti, huhesabu pamoja na kuvuta. Plastiki pana chini ya shuka hupunguza msuguano.

Aliyeanguka mnazini, akashukiwa kuumia uti wa mgongo, asipindwe: kichwa, shingo na kiwiliwili huenda pamoja, kwa amri ya aliyeshika kichwa.