Kabla ya saa janja kulikuwa na kipande

Juzi saa nne usiku niko steji hapa Molo, baridi imenishika, saa janja inatetemeka mkononi. Ni mteja. Ameona niko mtandaoni, anauliza mbona simjibu. Nikamjibu mbio, halafu nikajichukia kidogo.

Wasee, hii hisia si mpya huku kwetu. Wakati mashamba ya Molo yalikuwa ya masetla, wafanyakazi pia walivaa kitu kilichowaripoti. Sheria ya kuwaandikisha ilipitishwa 1915, utekelezaji ukaanza baada ya vita, 1919. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alibeba kipande: karatasi ndani ya kikebe cha chuma, kinaning'inia shingoni kwa kamba. Iliandikwa jina, kabila, mwajiri, tarehe na mshahara, pamoja na alama za vidole.

Cheki vile kilifanya kazi. Ukitaka kuacha kazi, lazima bosi atie sahihi kwamba amekuachilia. Bila hiyo sahihi, kupata kazi kwingine ni shida, na unaweza kusakwa kama mtoro. Bosi mpya naye anasoma ulilipwa ngapi, kwa nini akuongeze? Ukipatikana bila kikebe, ni faini au jela. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Watu walikataa. 1921 Harry Thuku alipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa. Akashikwa Machi 1922. Umati ulipoenda kudai aachiliwe Nairobi, ulipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa kati ya waliouawa. Hata hivyo kipande kilidumu hadi miaka ya 1940, ndipo sheria ya 1947 ikaleta uandikishaji wa watu wa rangi zote.

Najua, saa yangu nilijinunulia, na hakuna askari atanishika nikiivua. Uchungu haulingani kabisa. Lakini maswali ya wale wazee bado yananihusu: kitu kinachoandika habari zangu, nani anakisoma? Na nikikivua, nani anakasirika?

Siku hizi saa moja jioni naivua, naitupa kwa droo. Mteja alinuna siku tatu, akazoea. Mimi angalau nina droo. Wao kulala bila kikebe karibu ilikuwa hatari.