Mtakatifu Augustino na mchana wa Salamabila

Siku kuu ya Mtakatifu Yoane Mubatizaji, tarehe 24 Juni, tunakumbuka mafundisho ya Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hipo (leo Annaba, katika Algeria), aliyekufa mwaka 430. Aliwaeleza wakristu wake kwamba Yoane alizaliwa wakati mchana unapoanza kupunguka, na Kristu wakati unapoanza kuongezeka. Hivi jua lenyewe lashuhudia maneno ya Yoane juu ya Bwana wetu (Yoane 3, 30).

Katika seminari mfano huu ulitupendeza. Tulipoutumia Salamabila, katekista mmoja mzee alitujibu kwa upole: «Padri, kwetu saa kumi na mbili ni saa kumi na mbili tu.»

Alisema haki. Augustino alikuwa Mwafrika, lakini wa kaskazini. Kule Hipo mchana wa Juni unapita masaa 14, na ule wa Desemba ni masaa 9 na nusu hivi. Kasongo na Kabambare ziko zaidi ya digrii 4 kusini ya ikweta. Hapa tofauti ya mwaka mzima ni nusu saa tu, tena imegeuzwa: mchana mfupi ni wa Juni, mrefu ni wa Desemba. Kwa hiyo siku ya Yoane mchana wetu umeanza kuongezeka, na siku ya Noeli umeanza kupunguka!

Si ajabu. Kalenda ilitungwa kaskazini. Roma iliandika Noeli tarehe 25 Desemba tangu mwaka 336.

Lakini katika jambo lingine sisi tuko karibu na Injili kuliko Wazungu. Wangwana wa Tippo Tip, waliotawala Kasongo mpaka askari wa Dhanis walipoiteka mwaka 1893, walileta pamoja na mabaya ya utumwa lugha hii na hesabu yake ya saa, inayoanza asubuhi. Wafanya kazi wa shamba la mizabibu (Mateo 20) waliitwa saa tatu, saa sita, saa tisa, saa kumi na moja: mkristu wetu anaelewa bila mafasirio. Tena saa ya Warumi ilirefuka na kufupika pamoja na mchana, yetu haisogei.

Basi tusimtupe Augustino. Tuseme tu «kwao Hipo», tukionyesha kaskazini kwa mkono. Mwaka uliofuata tulifanya hivyo, na mzee yule aliuliza kama huko Misa ya asubuhi ya Noeli husomwa gizani.