Kitabu cha Kwenye Droo: Hoteli, Mgeni na Dini

Mwaka 1898, katika mji mdogo wa Boscobel, jimboni Wisconsin nchini Marekani, mawakala wawili wa biashara wasiojuana walilazwa chumba kimoja kwa sababu hoteli ilikuwa imejaa. Mmoja wao, John Nicholson, alikuwa na mazoea ya kusoma Biblia kabla ya kulala. Mwenzake, Samuel Hill, alipogundua hivyo alimwomba wasome na kusali pamoja. Mwaka uliofuata, wakiwa na mtu wa tatu, William Knights, wakaanzisha chama cha wafanyabiashara Wakristo waishio safarini, wakakipa jina la Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli aliyeshinda vita kwa watu wachache. Biblia za chama hicho ndizo ambazo wasafiri wa nchi nyingi, zetu zikiwemo, wamezoea kuzikuta kwenye droo kando ya kitanda.

Kuna jambo katika historia hiyo ambalo halitajwi sana, nami naliona kuwa kubwa. Wanachama hao walipoanza kujiuliza namna ya kuishuhudia imani yao hotelini, wazo la mwanzo halikuwa droo. Lilikuwa ni kuweka Biblia moja mapokezini, ili mgeni anayeitaka aiazime. Ni baadaye tu, katika mkutano wao wa Chicago mwaka 1908, walipoamua kwamba kila chumba kiwe na nakala yake, na mwaka huohuo wakaanza na hoteli ya Superior huko Montana. Kutoka mapokezini hadi kitandani ni mwendo wa hatua chache, lakini hatua hizo zilibadili uhusiano wa watu watatu: mgeni, mwenye hoteli, na yule aliyekileta kitabu.

Kitabu kikiwa mapokezini, mgeni ndiye anayeanza. Anaomba, anapewa. Kikiwa chumbani, mgeni hakuombwa rai wala hakuomba kitu. Kitabu kilimtangulia kuingia. Na aliyekitanguliza si mwenye hoteli. Chama hutoa Biblia bure, kwa michango ya wanachama na makanisa, na meneja huzipokea kama anavyopokea zawadi nyingine. Mara nyingi hajakaa na wenzake kujadili kama hoteli ina neno la kumwambia mgeni kuhusu wokovu wake. Hivyo hoteli huwa imesema jambo zito kuliko yote ambayo mtu anaweza kuambiwa, bila yenyewe kukusudia kulisema. Siwalaumu Wagideoni kwa hilo. Wao walijua wanachokitafuta, wakakifanya kwa jasho lao na kwa uwazi. Ninayemhoji ni mwenye nyumba.

Msimamo wangu ni huu: hoteli iwe na vitabu vya dini, imjulishe mgeni kwamba inavyo, lakini isivipange vyumbani. Najua kwamba msimamo huu utawaudhi wanaotaka vitabu hivyo viondoke kabisa, na pia wanaotaka viongezwe.

Nianze na hao wa pili, maana hoja yao huvutia. Wanasema: ikiwa tatizo ni upendeleo, dawa ni kuongeza. Huko Japani, jumuiya ya Bukkyo Dendo Kyokai, iliyoasisiwa mwaka 1965 na mwenye viwanda Yehan Numata, imesambaza kitabu cha mafundisho ya Buddha katika vyumba vya hoteli. Hoteli za Marriott, ambazo mwanzilishi wake alikuwa Mmormoni, zimejulikana kwa kuweka Kitabu cha Mormoni sambamba na Biblia. Basi kwa nini hoteli ya Mombasa au Dar es Salaam isiweke Biblia na Kurani pamoja, kila mtu akachagua chake?

Hoja hii inadhani kwamba droo ni chombo kisicho na dini. Sivyo. Droo imetokana na mapokeo ya Kiprotestanti, ambayo humwona msomaji kama mtu aliye peke yake mbele ya maandishi, awe msafi au mchafu, mlevi au mwenye kiasi, na hutarajia kwamba maandishi yenyewe yatamfikia. Kwa Biblia ya Kigideoni, kukutwa na mtu aliyelala na viatu kitandani si fedheha. Pengine huyo ndiye hasa aliyekusudiwa. Msahafu hauna desturi hiyo. Katika nyumba za Waswahili huwekwa juu, pengine umefunikwa kitambaa, na usomwapo hukalishwa kwenye marufaa. Wanazuoni walio wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hawaruhusu kuugusa bila udhu. Sasa fikiria huo msahafu ndani ya droo ya chini, penye soksi na chaja za simu, katika chumba ambacho jana amelala huyu na leo analala yule, ukisukumwa na kuvutwa na mhudumu mwenye kitambaa cha vumbi ambaye hakuna aliyemuuliza kama ana udhu. Hoteli itakuwa imetaka kumheshimu Mwislamu, na Mwislamu huyohuyo, akifungua droo, jambo la kwanza atakalofanya ni kuutoa msahafu pale na kuutafutia mahali pa juu.

Mtu anaweza kujibu kwamba tafsiri haina masharti makali kama msahafu. Kweli, lakini hapo mlango mwingine unafunguka. Tafsiri ipi? Wasomaji wa Kiswahili wanakumbuka kwamba Kurani ya kwanza kamili katika lugha hii, ya mwaka 1923, ilikuwa kazi ya mmisionari wa Kianglikana, Godfrey Dale. Ile ya mwaka 1953 ilitoka kwa Waahmadiyya. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alipoitoa yake kamili mwaka 1969, alikuwa pia akiwajibu waliomtangulia. Kuchagua moja kati ya hizo ni kuchukua upande katika ubishi wa miongo kadhaa. Wakristo nao hawako mbali na jambo hili: Biblia ya Wakatoliki ina vitabu ambavyo havimo katika Biblia ya Kigideoni. Meneja aliyesomea upishi na mahesabu ya vyumba anageuzwa kadhi na askofu kwa pamoja.

Na wale ambao dini yao haimo katika kitabu? Huwa nashangaa jinsi mjadala huu unavyowapita. Anayetambika kwa wazee wake, anayemwita Mungu kwa jina la kabila lake chini ya mti aliouonyeshwa na babu, hana nakala ya kuingiza kwenye droo. Hata tukiijaza vitabu kumi, yeye bado hayumo.

Watakaonipinga zaidi, nadhani, ni wanaonikumbusha mshale wa kibla. Katika hoteli nyingi za Zanzibar, Oman na nchi za Ghuba, mshale huo hubandikwa darini au ndani ya droo ileile ninayoizungumzia, na hakuna anayelalamika. Je, hiyo si dini chumbani? Ni huduma kwa mwenye dini, na naona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Mshale haumwambii mtu aswali. Unamjibu aliyekwisha amua kuswali lakini amefika usiku asijue kaskazini ni wapi. Maana kwetu pwani kibla kiko karibu sana na kaskazini, hata neno lenyewe likatumika zamani kwa maana ya upande huo. Mswala kabatini, simu ya kumwamsha mfungaji ale daku, orodha ya makanisa ya jirani na saa za misa: vyote hivi ni vya namna hiyo. Biblia ya kwenye droo humhudumia vilevile Mkristo aliyesahau yake nyumbani, nakubali. Lakini haikuwekwa kwa ajili yake kwanza. Iliwekwa kwa ajili ya asiyeamini, na walioiweka hawajawahi kulificha hilo.

Kuna pingamizi moja ambalo limenisumbua kuliko mengine. Hotelini hulala pia watu waliovunjika: aliyefukuzwa kazi, aliyeachwa, aliyeingia chumbani akiwa na nia ya kutotoka. Saa tisa usiku mtu wa aina hiyo hapigi simu mapokezini kuomba kitabu. Hufungua droo, basi. Wagideoni wanalijua hili. Ndiyo maana kurasa za mwanzo za nakala zao huelekeza msomaji mahali pa kusoma akiwa mpweke, akiwa na hofu, akiwa amejaribiwa. Sitaki kuipuuza hoja hii kwa kusema kwamba siku hizi kila mtu ana maandiko kwenye simu. Anayeizima simu yake ili asipatikane hatayatafuta humo.

Ninachoweza kusema ni kwamba rafu iliyo wazi kwenye korido ya kila ghorofa, isiyohitaji kumuomba mtu, hupunguza umbali huo bila kuingia chumbani. Na kwamba kadi ya kitandani inaweza kutaja rafu hiyo pamoja na namba ya mtu wa zamu atakayepokea simu usiku kucha. Aliyekata tamaa anahitaji sauti ya binadamu kabla ya kurasa. Hata hivyo yupo ambaye hatafungua mlango wala hatapiga namba. Kwa huyo, pendekezo langu lina gharama, nami naipendekeza nikiijua.

Wanaotaka vitabu vitoweke nitawajibu kwa ufupi zaidi. Mwaka 2014 kampuni ya Travelodge nchini Uingereza iliziondoa Biblia vyumbani na kuzihamishia mapokezini. Kampuni ililaumiwa sana, ingawa kwa maoni yangu ilirudi bila kujua kwenye wazo la kwanza la Wagideoni wenyewe. Miaka miwili kabla, hoteli nyingine ya huko ilikuwa imezitoa Biblia na kuweka riwaya ya mapenzi ya kitandani. Hiyo siiti kutopendelea. Ni kumcheka anayeamini, tena katika nyumba uliyomkaribisha. Msafiri mwenye dini hana budi kuhudumiwa kama mwenye kisukari anavyoulizwa kuhusu chakula chake: kwa sababu yupo, na haja yake ni ya kweli.

Nyumba za wageni za makanisa na jumuiya za dini zina hukumu yake. Anayepita lango lenye msalaba amejua anakoingia, na Biblia chumbani haimshtui. Za serikali, zikiwemo hosteli za vyuo vya umma, nazo zina yake: ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inaweka uenezaji wa dini katika hiari ya mtu binafsi na shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatamka kwamba hakuna dini ya taifa. Humo droo ibaki tupu.

Niliwahi kulala katika nyumba ya wageni moja mjini Tanga ambayo mwenyewe, mama mtu mzima, alikuwa na kabati la vioo nyuma ya meza ya mapokezi. Rafu ya juu ilikuwa na msahafu ndani ya mfuko wa kitambaa cha kijani. Chini yake Biblia mbili, moja ya Kikatoliki, na miswala iliyokunjwa. Aliponikabidhi ufunguo aliniuliza kama nitahitaji chandarua, maji ya moto, au kitu chochote cha ibada, kwa sauti ileile moja. Alfajiri nilimkuta mgeni mwenzangu akiurudisha ule mfuko wa kijani kwa mikono miwili, naye mama akasimama kuupokea.