EPO hugunduliwaje maabara?

EPO ni homoni inayotengenezwa na figo ili kuchochea uboho uzalishe seli nyekundu za damu. Wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu hupewa EPO ya kiwandani. Baadhi ya wanariadha huitumia kinyume cha sheria ili misuli ipate oksijeni zaidi. Damu yao huwa nzito na inaweza kuganda, ikasababisha kiharusi au mshtuko wa moyo.

Vipimo hufanywaje?

Mkojo hugawanywa katika chupa mbili, A na B. Maabara hupewa namba, si jina. EPO ya kiwandani ina sukari tofauti kidogo na ya mwilini, hivyo umeme ukipitishwa kwenye jeli, kila moja husimama mahali pake. Kipimo hiki kilitumika katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.

Dawa hii hutoweka mkojoni baada ya siku chache. Ndiyo maana tangu 2009 kuna pasipoti ya kibiolojia, inayolinganisha vipimo vya damu vya mwanariadha yuleyule kwa muda mrefu.

Ufanye nini?

Usikubali sindano usiyoijua. Ukihitaji EPO kwa matibabu, omba kibali kabla ya kuitumia.