Kupitia Wingu, Si Kwenye Wingu

Husemwa siku hizi kwamba mtu anaweza kujifunza kompyuta za kwanta “kwenye wingu”. Neno wingu halina kosa. Kosa limo katika kihusishi kinacholitangulia. Mwaka 2022 kampuni ya Xanadu ya Toronto, Kanada, iliufungulia umma Borealis, mashine ya kwanta inayokokotoa kwa mwanga. Leza, nyuzi za kioo na vihisi vya kuhesabu fotoni, yaani chembe za mwanga, vilikuwa maabarani, juu ya ardhi. Mtumiaji aliandika programu kwa lugha ya Python, akaituma kwa intaneti, kisha akarudishiwa safu za namba: fotoni ngapi zimehesabiwa kila mara. Wingu basi ni njia, si makazi.

Atakayepinga atasema watu wameshazoea, na maana inaeleweka. Kwa picha zilizohifadhiwa “kwenye wingu”, haidhuru. Lakini anayefanya majaribio ya fotoni lazima ajue kwamba baadhi hupotea ndani ya mashine, na matokeo hubeba dosari hiyo. Asiyekumbuka kwamba kuna kifaa halisi atadhani amekosea hesabu. Walimu, tuseme “kupitia wingu”.